Samaki wa Mama Mkwe

Watu wa Matungu wanaomkumbuka Makhanu humkumbuka kwa jambo moja, na hilo moja lenyewe hulisimulia vibaya. Husema ni yule bwana aliyemwacha mama mkwe wake azame huku amempa mgongo. Hawasemi kwamba hapakuwa na mtu mwingine, kutoka Mumias hadi Lugari, aliyejua kumtoa samaki aitwaye besi, yule mkubwa, kwenye maji marefu. Wala hawasemi alivyompenda yule mama. Basi tuanzie huko, maana hakuna mtu ambaye maisha yake yote ni jambo moja.

Makhanu hakumjua mama yake. Alifariki siku aliyomzaa, na mtoto akalelewa na majiko ya watu: leo kwa shangazi, kesho kwa mke wa ami, kote akiwa wa mwisho kupakuliwa na wa kwanza kutumwa. Hakulala njaa, hilo lisemwe. Ila hapakuwa na aliyewahi kumwita "mwanangu". Walimwita kwa jina lake, au wakamwita "wewe", na mtoto asiye na mama huitikia yote.

Alipoota ndevu alikwenda Lugari kutafuta kazi, akaipata kwenye shamba la mahindi la mzungu mmoja. Shamba lilikuwa na bwawa refu la kunyweshea ng'ombe, na mzungu alikuwa ametia humo samaki wa kwao, wa rangi ya kijani, mwenye mstari mweusi ubavuni na kinywa kilichopasuka hadi nyuma ya jicho. Alimwita besi. Makhanu alichunga ng'ombe kando ya bwawa lile, na kwa kuwa ng'ombe hawapigi soga, akawa anayatazama maji. Akajifunza kwamba besi wadogo hukaa kwenye majani ya pembeni wakigombania panzi, na yeyote mwenye mwanzi na mnyoo atawatoa. Mkubwa hayuko huko. Mkubwa hukaa pale sakafu ya bwawa inapokatika ghafla kwenda chini, amejilaza mpakani mwa giza, anangoja chakula kimfuate. Jua likiwaka hushuka zaidi. Asubuhi mapema, au manyunyu yanapoanguka, hupanda kidogo. Huyo humpi mnyoo, unampa chura mzima, maana mzee wa kilindini haondoki kitandani kwa ajili ya kitu kidogo. Na akishakipokea usimvute. Mwachie mshipi, aende nacho, hadi aamini kuwa ni chake.

"Siri yake ni moja tu," alikuwa akiwaambia watu baadaye. "Usikuwe na haraka ya kumuona."

Uhuru ulipokuja mzungu aliuza akaondoka, akamwachia Makhanu koti lake la mvua, zito, refu hadi kwenye vigimbi vya miguu. Shamba likakatwa vipande, likagawiwa walowezi wapya, na Makhanu akabaki kumlimia mmoja wao. Angeweza kuzeekea huko. Kilichomrudisha nyumbani ni habari za miwa.

Miaka hiyo miwa ilikuwa imewapanda watu kichwani. Kiwanda kilikuwa kimeanza kusaga Mumias, na kila mwenye kishamba Matungu aling'oa mihogo, akang'oa viazi, akapanda miwa hadi ukuta wa jikoni. Ukitoka mlangoni asubuhi ilibidi upinde kichwa usikatwe na majani. Redio zikaimba, baiskeli mpya zikalia kengele, na mtu aliyekuwa akiomba chumvi kwa jirani sasa akavaa saa ya mkono asiyojua kuisoma. Barabara za matrekta zikachongwa kila upande, na changarawe ya kuzijengea ikachimbwa kwenye kilima kilichotenga ukoo wa Makhanu na ukoo wa jirani. Walichimba hadi kilima kikawa shimo. Wakafikia chemchemi, wakaondoa mashine zao, na maji yakajaa. Upande mmoja ulibaki mteremko ambako malori yalikuwa yakishukia. Upande wa pili ulikuwa ukuta wa udongo uliokatwa wima, na chini yake hakuna aliyejua mwisho. Watu wakapaita Shimoni.

Makhanu aliporudi aliyaona maji yale. Alipanda tena Lugari, akarejea kwenye lori la rafiki yake Kiplagat akiwa amelikumbatia debe la maziwa lililojaa vitoto vya besi. Walisimama kila mto kubadilisha maji, na Kiplagat akiapa kwamba tangu ashike usukani hajawahi kubeba abiria wenye kudeka namna ile. Vile vitoto vikamwagwa Shimoni, vikashika. Baada ya misimu michache Makhanu akaanza kuwapunguza wadogo na kuwagawia watoto wa kijiji, kwa sababu besi wakijazana hukonda wote, hakuna anayekua. Wakubwa aliwafuata yeye mwenyewe, juu ya ule ukuta, kwa mwanzi mrefu na chura.

Kisha akaoa, na hapo ndipo wazee walipocheka. Alimwoa Dinah, binti wa mjane aitwaye Navalayo, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya Shimoni. Mtu mwenye akili huoa mbali. Kwa desturi ya huko mume hamwoni mama wa mkewe usoni, hamsalimii kwa mkono, haingii anapokaa. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hiyo ndiyo heshima, na ndiyo soni. Ukiwa umeoa siku mbili za mwendo haikusumbui. Makhanu alikuwa ameoa umbali wa mtu kuitwa akaitika. Mara ngapi alionekana akiruka mtaro na baiskeli yake akazama kwenye miwa ya watu, kwa kuwa ameiona kanga ya Navalayo kwenye kona! Watu walisema Makhanu anajua miwa ya kila mtu kwa ndani kuliko walioipanda.

Lakini wale wawili walipatana kwa namna yao. Njia ya kutoka kwa Navalayo ilipita juu ya ule ukuta wa Shimoni kabla ya kushuka kwenye mteremko wa kuchotea maji. Makhanu akachimbia nguzo pale njia inapoanza. Akienda kuvua, alilitundika lile koti la mzungu kwenye nguzo, na Navalayo akiliona alirudi nyumbani akangoja. Koti lisipokuwapo, njia ni yake. Chini ya nguzo palikuwa na jiwe bapa. Jumamosi Makhanu akipata besi mzuri alimlaza kwenye jiwe, juu ya jani la mgomba, akaondoka na koti lake. Akirudi alikuta ndizi mbivu zimefunikwa, au kibuyu cha maziwa ya mgando, au viazi vitamu vikiwa bado na moto. Mama yule alikuwa amekataa kung'oa migomba yake. Alisema hajaona mtoto aliyenyonya sukari akashiba.

Maneno yao yalipita kwa Dinah.

"Mama anasema samaki yako iko na mifupa kidogo kuliko maneno ya wamama wa kanisa."

"Mwambie asante. Mwambie ndizi ilikuwa tamu."

"Anauliza kama umepona kikohozi."

"Mwambie nimepona."

Hakuwa amepona, na Navalayo alijua, maana akilala kwake alikisikia kikohozi kikivuka maji. Kesho yake jiwe lilikuwa na asali. Makhanu aliichukua nyumbani, akaketi nayo mapajani muda mrefu bila kuifungua. Dinah alipomuuliza kuna nini, alijibu kwamba hakuna kitu. Ukweli ni kwamba alikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, na ndiyo kwanza anaugua mikononi mwa mama.

Tangu siku ile akatamani jambo moja: kumshika Navalayo mkono. Desturi yenyewe, kwa bahati, ilikuwa imeacha mlango. Mkwe akimpelekea mama mkwe mbuzi na blanketi, wazee wa pande zote mbili wakala na kunywa, basi wawili hao husimamishwa katikati ya uwanja, wakashikana mikono, na soni ikafunguliwa. Baada ya hapo wanaweza kuketi wakasalimiana kama watu. Mbuzi huyo aliitwa mbuzi wa mkono. Makhanu alimwendea ami yake, mzee Shitanda, aliyekuwa mkubwa wa ukoo na mpenda kushauriwa.

"Mbuzi iko?" Shitanda akauliza.

"Iko."

"Blanketi iko? Chakula ya wazee iko? Usiniletee aibu huko. Mkono mtupu haulambwi. Ngoja miwa ikatwe."

Dinah akapeleka habari ng'ambo, akarudi akicheka. "Mama anasema siku hiyo hataki samaki ya kwa mawe. Anataka umpatie na mkono yako, akule ukimuangalia. Na anasema blanketi si lazima. Anasema hata kesho."

Hata kesho! Maneno hayo Makhanu angeyasikiliza, leo hadithi hii isingekuwapo. Lakini mtoto aliyelelewa na majiko ya watu hupenda kufanya mambo kwa ukamilifu, asije akasemwa. Akataka blanketi zito. Akataka wazee washibe. Na akataka samaki asiye na mfano.

Samaki huyo alimjua. Alikuwa jike, mnene, pengine mmoja wa wale wa kwanza waliokuja na debe la Kiplagat, na alikaa chini kabisa ya ukuta. Mara mbili tatu Makhanu alikuwa ameona mgongo wake ukigeuka, kisha maji yakafunga. Wanakijiji walimwita samaki huyo Mama Mkwe, kwa kuwa kila Makhanu akitokea yeye alijificha. Makhanu alicheka nao. Msimu wa mayai alimwacha, hakumtupia kitu, maana jike mwenye mayai hauawi na mtu mwenye akili. Sasa mayai yalikuwa yamekwisha tagwa, na yeye akaanza kumwendea kila asubuhi.

Miwa yake ilikuwa tayari, imepangiwa zamu ya kukatwa. Ndipo mvua ya masika ikaanguka kama iliyotumwa. Matrekta yakazama hadi ekseli, trela zikalala ubavu barabarani, na wakataji wakakaa vibandani wakicheza karata. Wiki ikaisha, ikaja nyingine. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya jiko, ananenepa bure. Navalayo akatuma tena kwamba hata bila blanketi. Makhanu akatuma tena kwamba avumilie kidogo. Husemwa subira huvuta heri, lakini husemwa pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na mtu hujua iliyo yake baada ya mambo kwisha.

Jumamosi hiyo kulipambazuka na manyunyu. Ilikuwa hali ya hewa ya kumpandisha samaki, na Makhanu aliijua. Alifika Shimoni akasimama kwenye nguzo na koti mgongoni, maji yakimchuruzika puani, kikohozi kikimkwaruza kifuani. Akafikiri: mvua hii, nani mzee atatoka? Akabaki na koti mwilini. Hilo ndilo kosa lake. Watu hutafuta kosa lingine, lakini hilo ndilo, na lilikuwa dogo hivyo.

Navalayo alitoka. Ilikuwa Jumamosi, na mkungu wake mdogo ulikuwa umeiva, na hakutaka mkwe wake alikute jiwe tupu. Alikuja chini ya mvua na ndizi kichwani, akafika kwenye nguzo, akaiona haina koti. Akatua ndizi mbili tatu kwenye jiwe, nyingine akazibeba kuelekea mteremkoni, akachote maji akirudi.

Makhanu wakati huo alikuwa ameinama nyuma ya matete, na mshipi ulikuwa unaondoka. Ulikuwa unaondoka polepole, bila kutetemeka, mwendo wa mtu mzito asiye na wasiwasi. Alimwachia. Akamwachia tena. Kisha akaubana, na mwanzi ukapinda hadi akasikia nyuzi zake zikilia. Alikuwa ni yeye! Alijiinua juu kwa ule utelezi, akarudi kinyumenyume kutoka kwenye matete hadi katikati ya njia, akicheka peke yake kama mwehu, akimuona tayari samaki yule kwenye mikono ya mama, na mama akimwangalia.

Navalayo alipokata kona alimkuta mgongo wake hatua chache mbele. Akafanya alivyofanya maisha yake yote, alivyofanya mama yake na bibi yake: akaruka kando kujificha. Upande mmoja ulikuwa na miwa. Yeye akarukia upande wa pili.

Makhanu alisikia udongo ukimeguka, akasikia maji. Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Kwa pembe ya jicho aliona ndizi zikielea, naye akageuza uso upesi kwenye miwa, kabla ya kuona zaidi. Aliukata mshipi kwa meno. Samaki akaenda zake, na wala hakukumbuka kumtazama. Akaushika mwanzi kwa ncha nyembamba, akarudi nyuma hadi visigino vikagusa ukingo, akaupeleka mgongoni kwake, shina nene likitangulia majini.

"Mama, shika!"

Ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia. Akasikia maji yakipigwa, akasikia akikohoa, na sauti aliyokuwa ameizoea kwa mbali, ikiita kuku na kuimba nyimbo za kanisa, ikamjia karibu mno na miguu yake.

"Usigeuke, mwanangu. Nguo imenitoka. Usigeuke!"

Akafumba macho kabisa. Akasikia uzito ukishika mwanzi, akavuta akienda mbele, kichwa chini, mwendo wa ng'ombe wa jembe kwenye shamba la matope. Akateleza, akasimama, akavuta. Ukuta ulikuwa wima na mwanzi ulikuwa umelowa. Kama angegeuka angeona kwamba anamvutia pale udongo ulipochomoza juu yake, ambapo hapakuwa na pa kupandia, na kwamba hatua chache kando kulikuwa na mizizi. Hakugeuka. Aliambiwa asigeuke, na aliyemwambia alikuwa amemwita mwanangu.

Uzito ukaachia.

"Mama? Umeshika?"

Mvua ilikuwa ikinyesha kwenye majani ya miwa.

"Mama?"

Akakaa kidogo bado. Hapo ndipo hata anayempenda hushindwa kumsemea: alikaa kidogo bado, kwa sababu hakuwa amefunguliwa. Kisha akageuka. Akaona ndizi na kanga, basi. Akaruka na koti lake. Kuogelea hakujua vizuri, ila kilindi kile alikuwa amekifikiria miaka mingi, akajua mahali kila kitu kizito huishia. Aliupata mkono wake kwanza. Aliushika, akaenda nao akipapasa ukuta mpaka mteremkoni, akamlaza kwenye changarawe, akamfunika koti la mvua kuanzia kichwani. Mkono wenyewe hakuuachia. Watu walimkuta hivyo, walipofuata sauti ya kilio chake.

Sasa sikiliza watu walivyo. Vijana walimuuliza kwa nini hakugeuka. Wazee walimuuliza kwa nini alimshika. Lusweti, kaka yake Dinah, alifika mbio kutoka kiwandani na ovaroli yake, akamsimamia Makhanu kichwani.

"Mulamwa, shemeji, uliwacha mama akufe juu ya soni?"

Makhanu alifungua mdomo. Neno moja tu lingetosha: mwenyewe alinikataza. Lakini akafikiri jinsi litakavyosikika, mtu mzima mwenye nguvu akimtupia maiti lawama, na mama huyo angezikwa huku watu wakinong'ona kwamba alijiua kwa soni yake. Akaufunga mdomo. Lusweti akatema mate chini, akaenda pembeni akilia.

Mbuzi wa mkono alichinjwa wiki hiyo hiyo. Shitanda aliamua kwamba mtu aliyemgusa mama mkwe akiwa uchi, hata maiti, hawezi kulala na mkewe bila kutakaswa. Basi yule mbuzi aliyenenepa akingoja sherehe alipasuliwa, na majani ya tumboni mwake yakapakwa kifuani mwa Makhanu akiwa amesimama katikati ya uwanja, peke yake, pale ambapo wangesimama wawili. Wazee wakala nyama. Miwa ilikatwa mwezi uliofuata, jua lilipokausha barabara, na blanketi likanunuliwa, la nini tena. Dinah alilikunja akaliweka juu ya kabati, wala halikushuka.

Dinah hakumwacha. Alimuuliza mara moja tu, matanga yalipokwisha: "Mama alisema nini?"

"Hakusema kitu."

Dinah akaenda kusonga obusuma, ugali wa jioni. Tangu hapo nyumba ile ikawa ya sauti za chini. Watu hawali samaki wa maji yaliyoua mtu, kwa hiyo hakuna aliyevua tena Shimoni. Makhanu akipita njia ya chini aliwaona besi pembeni, wengi kupita kiasi, wote wadogo, vichwa vikubwa na miili myembamba, maana hapakuwa na wa kuwapunguza. Jambo hilo lilimuuma kwa namna ambayo hakuweza kumweleza mtu. Nguzo ilianguka kwa mchwa. Hadithi yake ikawa ya kuwatania wakwe: ukioa, waliambiwa vijana, usiwe Makhanu. Alisikia, akatabasamu, akaendelea kupalilia miwa.

Hivyo miaka ikaenda hadi Milcah, binti yao, akapata mchumba. Alikuwa kijana wa Shinyalu, fundi wa matrekta mjini Mumias, jina lake Protus. Alikuja na wazee wake siku ya kujitambulisha, mashati yamepigwa pasi, wakaketishwa uwanjani kwenye viti vya kuazima. Shitanda, mzee sana sasa, fimbo katikati ya magoti, ndiye aliyewapokea. Makhanu alikaa nyuma yake. Dinah kwa desturi alikuwa jikoni, na huko alitakiwa abaki hadi wageni waondoke.

Chai ilikuwa bado inagawanywa mlango wa jikoni ulipofunguliwa. Dinah akatoka, leso imefungwa vizuri kiunoni, akauvuka uwanja bila kuharakisha, akielekea moja kwa moja kwa yule kijana. Protus alipomuona aliruka kitini, kikombe kikaanguka, akageukia miwa na kujifunika uso kwa koti. Alikuwa amefunzwa vizuri.

"Mama Milcah!" Shitanda akapiga fimbo chini. "Mbuzi haijakuja!"

"Mbuzi itakuja siku yake, baba. Mimi ninaongea na huyu." Dinah akasimama nyuma ya kijana, karibu kabisa. "Geuka."

Protus hakugeuka.

"Geuka, mwanangu. Niangalie uso. Kuna maji mingi huku kwetu. Siku moja ukinikuta ndani, hata kama niko uchi, hata nikikukataza mimi mwenyewe na mdomo yangu, unaangalia, unanitoa. Umesikia? Geuka."

Kijana akageuka polepole, macho yamejaa machozi bila kujua ni ya nini. Dinah akanyosha mkono. Shitanda akatazama ardhi. Protus akaupokea mkono ule kwa yake yote miwili.

Makhanu alikuwa amekwisha inuka. Walimuona akizunguka nyuma ya jiko, pale mbuzi alipokuwa akifungwa zamani, na hakurudi kula na wageni. Dinah alimkuta huko walipoondoka, ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Akaketi chini karibu naye, akainyosha miguu.

"Ni yeye alikukataza," akasema. "Namjua mama yangu. Alikuambia usigeuke."

Makhanu alitikisa kichwa kukubali. Midomo yake ilikuwa ikihangaika, na Dinah akangoja, kama alivyokuwa amengoja miaka yote ile.

"Aliniita mwanangu," Makhanu akasema.